Marehemu Mtarajiwa wa Mtaroni

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani kwake, wakaambiwa wasubiri muhuri, na hadi leo wanasubiri. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani hiyo inalindwa na watu wenye bunduki, na mwananchi akisema haioni huchukuliwa akaonyeshwe.

Mji wake wa pili kwa ukubwa unaitwa Jiji. Historia ya Jiji ni fupi, na wanafunzi wanaipenda kwa sababu hiyo. Lori la chumvi liliharibika mahali hapo, dereva akakaa chini kusubiri spea, mama mmoja akamuuzia uji. Spea haikuja. Waliokuja ni watu. Mtihani wa historia ya Jiji una swali moja, nalo ni la kuchagua.

Hakuna aliyelalamika mpaka ilipofika barua kutoka Ikulu. Mheshimiwa Rais, baada ya kutafakari kwa kina akiwa safarini, alikuwa ameona kwamba mji usio na historia hauwezi kuitwa jiji. Kila mji ulipewa miezi sita kuwaonyesha wakaguzi historia yake. Utakaoshindwa utashushwa kuwa mji mdogo, na Meya wake atakuwa Mwenyekiti. Na Mwenyekiti, kwa mujibu wa sheria, hapeperushi bendera kwenye gari.

Mstahiki Meya Badru Kisimbo aliisoma barua amesimama. Akaketi. Akasimama tena. Tangu siku ile hakukaa kwenye kiti kimoja zaidi ya dakika nne. Hata chakula alikula akitembea, mkewe akimfuata nyuma na bakuli la mchuzi.

*

Baraza la Jiji lilikuwa na madiwani kumi na watatu, Meya akiwa mmoja wao, na mtaalamu mmoja. Mtaalamu huyo, Dakta Zefania Mkunde, alipelekwa Urusi ujanani kusomea majokofu. Alikaa huko miaka kumi na mmoja. Aliporudi akakuta Jiji halina umeme, kwa hiyo akawa mwanahistoria. Alivaa kofia ya manyoya kwenye jua la kukaushia dagaa, kwa ajili ya heshima ya elimu.

"Waheshimiwa," alisema Dakta, "mimi nimeishi katika jiji lenye historia hadi inamwagika. Mfalme wao mmoja alirushiwa bomu kando ya mfereji. Wakafanyaje? Wakajenga kanisa palepale, kuba tisa, rangi kama pipi, na watu wanatoka nchi za mbali kupanga foleni. Babu yake alikuwa amenyongwa chumbani kwake, kasrini. Kasri lile leo ni makumbusho. Mganga wa malkia aliuawa kwenye nyumba ya mkwe wa ukoo wa kifalme. Leo huingii bila tiketi. Kiongozi wa chama alipigwa risasi kwenye korido ya ofisi, na muda si muda viwanda, uwanja, hata ukumbi wa ngoma vikapewa jina lake. Na siku hizi, kwa tunavyosikia, wapo wakubwa wanaokunywa chai wakaugua, na wapo wanaoanguka madirishani. Kule, waheshimiwa, ukikuta mahali pana kibao cha historia, inama usome: kuna mtu aliuawa, tena kisiasa."

Diwani wa Stendi akasogeza kiti chake mbali na dirisha. Chai ilikuwa imeshaletwa. Hakuna aliyeigusa, na mhudumu akairudisha jikoni huku akijitetea kwamba sukari ilikuwa ileile ya siku zote.

"Na sisi?" Meya akauliza akizunguka meza. "Sisi tumemuua nani?"

Karani wa Jiji, Bwana Eliapenda, akafungua majalada. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, aliyeorodhesha kila kitu, hata kalamu zake.

"Mstahiki, viongozi wetu wote wamekufa kwa kula. Mmoja alianguka kutoka jukwaani, lakini jukwaa lilikuwa fupi."

"Aibu!" Meya akasema.

Basi likatolewa pendekezo kwamba Jiji lifanye mauaji ya kisiasa ya kiasi, ya kistaarabu, yatakayozingatia taratibu za manunuzi.

Hapa lazima nieleze desturi yao. Katika Baraza lile hawanyooshi mikono. Wanapiga makofi, na Karani anapita katikati ya viti akiandika majina ya waliopiga, kwa sababu Meya anapenda kujua. Aliyepiga kwa nguvu anaandikwa kwa wino. Aliyepiga kwa ulegevu anaandikwa kwa penseli, kisha anaitwa ofisini. Siku ile penseli haikutumika. Walipiga makofi kama wanafunzi walioambiwa kesho hakuna paredi.

Ambaye hakupiga ni mtu mmoja tu, Bi Sikudhani, diwani wa kata ya Mtaroni. Aliuliza kama humo ndani kuna mwenye akili timamu. Meya akamjibu kwamba swali hilo halipo kwenye ajenda.

*

Mwezi uliofuata wakakutana kuchagua wa kuuawa. Dakta akasoma sifa: awe mwanasiasa, awe mashuhuri, na kifo chake kiwaumize wananchi.

Ndugu msomaji, ungekuwepo ungejifunza unyenyekevu. Meya, ambaye picha yake ilitundikwa hadi chumba cha maiti, alisimama wa kwanza.

"Mimi ni nani?" alisema. "Mimi ni mtumishi. Tena mtumishi mdogo. Hata suti hii ni ya shemeji."

"Mstahiki, juzi ulisema wewe ndiye baba wa Jiji," Diwani wa Sokoni akamkumbusha.

"Baba wa kambo."

Diwani wa Sokoni, aliyejiita Simba tangu kampeni, akatangaza kwamba siku hizi hata paka wake hampishi mlangoni. Diwani wa Stendi akaomba iingie kwenye muhtasari kwamba aliingia barazani kwa kura za wizi, hivyo kwa haki hahesabiki kuwa mwanasiasa.

"Kura ngapi, Mheshimiwa?" Karani akauliza, kalamu ikiwa tayari.

"Zote. Andika zote."

Hadi adhuhuri ikawa imethibitishwa kwa maandishi kwamba Jiji halijawahi kuwa na kiongozi. Dakta akashauri waulizwe wananchi. Mgambo wakasambazwa mitaani na fomu yenye swali moja: akifa kiongozi gani utalia?

Majibu yakahesabiwa. Waliosema watamlilia Meya ni wanne. Wawili kati yao waliuliza kama ni lazima, mmoja alikuwa akikata vitunguu, na wa nne alikuwa mkewe, ambaye aliandika kwamba atajitahidi. Waliosema watamlilia Bi Sikudhani ni elfu sita na mia mbili, na kina mama wa sokoni walianza kulia hapohapo, fomu zikalowa.

Sababu ilijulikana. Mtaro mkubwa wa maji machafu, ambao uliipa kata ile jina lake, kila masika ulikuwa unafurika na kuchukua masufuria, kuku, na mwaka mmoja mwalimu wa hesabu, ingawa huyo alirudishwa. Bi Sikudhani alikuwa matroni wa bweni la wavulana kwa miaka kumi na tisa, na mtu aliyeishi na wavulana mia mbili na soksi zao haogopi mtaro. Siku ya pili ya udiwani wake alivaa mabuti, akashika beleshi, akawatukana wanaume wa kata nzima mmoja mmoja kwa majina mpaka wakashuka kuchimba. Tangu hapo maji yanapita yanakotakiwa.

"Mtaroni!" Meya akapiga kelele kwa furaha. "Dakta, mtaro si ndio mfereji?"

"Ukiutazama kwa mbali, Mstahiki."

Makofi. Wino.

*

Barua aliyopokea Bi Sikudhani ilikuwa nzuri, yenye nembo. "Tunayo furaha kukuarifu kwamba umeteuliwa kuwa Marehemu Mtarajiwa wa Jiji. Unatakiwa kufika kando ya mtaro tarehe utakayotajiwa, saa nne kamili asubuhi, ukiwa umevaa mavazi ya heshima. Leta picha mbili ndogo. Cheti cha kifo kitaletwa baadaye na ndugu. Kutofika kutahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu."

Alienda stendi asubuhi hiyohiyo na mkoba wake. Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na picha yake, na chini yake maneno: HURUHUSIWI KUMSAFIRISHA, NI MALI YA HISTORIA. Akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani watu walimsalimia kwa unyenyekevu wa msibani, na mzee mmoja alivua kofia.

Siku ya tatu kuna mtu alipiga hodi. Alikuwa Sajini Mbarikiwa wa mgambo, mtu mnene mwenye haya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakimbiza wauza mahindi ya kuchoma, na katika miaka minane hakuwahi kumkamata hata mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiyo, ni mimi, mama. Nimeona si adabu tukutane kwa mara ya kwanza siku yenyewe."

"Pita. Umekula?"

"Nimekula kidogo."

"Hilo tumbo halijui kidogo. Kaa hapo."

Akampakulia ugali na mlenda. Sajini akanawa, akala macho yakiwa chini. Bi Sikudhani akamtazama. Alitaka kumchukia, lakini alikuwa amewahi kuwa matroni, na mtu akila mbele yake alijikuta akihesabu matonge.

"Bomu umeshapewa?"

"Bado, mama. Liko manunuzi. Wanataka wazabuni watatu, na amejitokeza mmoja tu, anauza baruti za harusi."

"Umewahi kurusha kitu wewe?"

"Jiwe, mama. Kwenye embe."

"Ukapata?"

"Nilipata dirisha la mchungaji."

"Mungu wangu," akasema Bi Sikudhani. "Utanikosa, utaniacha nusu. Mbarikiwa, mwanangu, hebu nitazame. Mimi sitaki kufa."

Sajini akaacha kula.

"Hata mimi sitaki ufe, mama. Lakini barua yangu ina muhuri."

Alipoondoka aliomba radhi mara tatu, mara ya tatu akiwa barabarani. Bi Sikudhani alijaribu kuosha sahani, ikamponyoka, akaiacha pale chini vipande vipande. Aliketi, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua. Kule mtaroni alisikia mafundi waashi wakigongagonga: kuba ya kwanza ilikuwa inapanda, kwa kuwa Meya hakutaka kuchelewa.

Kwa kukosa la kufanya akachukua taarifa ya Dakta Mkunde, iliyogawiwa kwa madiwani wote. Ilikuwa na kurasa tisini. Nakala za wenzake zilikuwa zinashikilia milango isifungwe na upepo. Yeye alikuwa amesoma barua za mapenzi za wavulana mia mbili kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa na kawaida ya kuacha karatasi yenye maandishi bila kuisoma. Alisoma hadi ukurasa wa sitini na moja. Akaurudia. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akapika chai akainywa.

*

Kikao cha mwisho kilikuwa cha kupanga tarehe. Kilifanyika saa tatu asubuhi, madirisha yote yamepigiliwa misumari, na kila diwani amekuja na chupa yake ya maji mfukoni. Kanuni za Baraza zilimruhusu Marehemu Mtarajiwa kuuliza swali moja lisilo la uchochezi.

Bi Sikudhani akasimama, taarifa mkononi.

"Dakta, baba, nataka kujua habari za yule wa kwenye korido. Yule aliyepewa viwanda na uwanja. Baada ya yeye kuuawa, ikawaje?"

"Alizikwa kwa heshima kubwa," Dakta akajibu haraka.

"Hilo lipo ukurasa wa sitini. Mimi nipo sitini na moja."

Dakta akavua kofia ya manyoya. Kichwa chake kilikuwa kinatoka jasho.

"Aliyefyatua risasi alipigwa risasi mwezi huohuo," akasema.

"Safi," Meya akasema. "Ni haki." Sajini Mbarikiwa, aliyesimama mlangoni, akakohoa.

"Endelea, baba."

"Mlinzi wa marehemu alikufa siku iliyofuata, akiwa kwenye lori njiani kwenda kuhojiwa. Baadaye mke wa muuaji akauawa. Wakubwa wa polisi wa jiji wakafungwa. Kisha wakaanza kukamatwa viongozi wa jiji. Kisha watu wa kawaida, kwa maelfu."

"Viongozi wa jiji?" Diwani wa Stendi akauliza. "Wao walifanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Walikuwepo."

Meya aliacha kuzunguka meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano, na kimya cha viatu vyake kiliwatisha wote.

"Malizia aya ya mwisho," akasema Bi Sikudhani.

Dakta akasoma, sauti ikiwa chini: "Mwaka ule alipouawa, chama kilikuwa kimefanya mkutano mkuu, na marehemu alipigiwa makofi marefu sana. Wajumbe walikuwa karibu elfu mbili. Zaidi ya nusu walikuja kukamatwa."

"Kwa sababu ya makofi?"

"Sababu zilitofautiana. Lakini majina yao yalikuwepo."

Vichwa kumi na viwili vikageuka polepole kumtazama Karani Eliapenda, aliyekuwa ameketi pembeni, kitabu chake cha makofi kimefunguka magotini, kurasa mbili zimejaa wino.

"Karani," Meya akasema kwa upole, kama mtu anayemwita mbwa asiyemjua, "hivi hicho kitabu ni cha nini?"

"Kumbukumbu, Mstahiki. Kwa vizazi."

"Hebu nikione."

"Mimi nikione kwanza," akasema Diwani wa Sokoni, na mkono wake ukawa umeshafika.

Jalada likabaki kwa mmoja na kurasa kwa mwingine. Kisha ikawa kama kuna mtu amepiga kengele ya moto. Nani aliyeanza kukimbia, historia haisemi, ingawa Meya ndiye aliyefika polisi wa kwanza, kwa kuwa alikuwa na gari lenye bendera.

*

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa mtu mtiifu, asiyependa mambo marefu. Meya alimwambia amegundua njama ya madiwani kumi na mmoja kumuua kipenzi cha wananchi, Bi Sikudhani. Mkuu akaandika. Wakafika madiwani kumi na mmoja wakihema, wakasema wamegundua njama ya Meya kumuua kipenzi cha wananchi, Bi Sikudhani. Mkuu akaandika. Akasoma maelezo yote, akaona yanakubaliana, akawafungia wote kumi na wawili.

Sajini Mbarikiwa alijipeleka mwenyewe na barua yake yenye muhuri. Dakta alichukuliwa nyumbani kwake akiwa anafunga mizigo. Walipompandisha kwenye gari, askari mmoja alimsikia akinong'ona, "Huu sasa ni ukurasa wa sitini na mbili."

Humo ndani kila mmoja alitaka kutoka, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kumtaja wa kuingia. Wakataja. Walitaja mafundi waashi, kwa kujenga kuba kabla ya msiba. Walitaja muuza baruti za harusi. Walitaja mhudumu wa chai, kwa sababu hakuna aliyejua bado kwa nini ile chai ilirudishwa. Diwani wa Stendi, ambaye alikuwa na akili kuliko walivyodhani, aliwataja wananchi elfu sita na mia mbili waliosema watalia: walijuaje?

Saa tisa alasiri watu wa Jiji walikuwa wanatembea kwa haraka bila kwenda popote. Maduka yalifungwa nusu mlango. Jirani alimsalimia jirani, kisha akakaa akifikiria kwa nini ameitikia vile.

Bi Sikudhani alikuwa ofisini kwa Meya. Sheria ilisema kwamba Meya asipokuwepo, diwani mwenye umri mkubwa aliyebaki ndiye anakaimu, na aliyebaki ni yeye peke yake. Alikuwa hai. Aliligusa wazo hilo kila baada ya muda, kama ulimi unavyogusa pengo la jino. Nje, nyundo za mtaroni zilikuwa zimenyamaza.

Karani Eliapenda akaingia na mkufu wa umeya na bahasha nene.

"Pole na majukumu, Mstahiki. Kuna hii ya kutia saini. Polisi wanaisubiri."

"Ni nini?"

"Orodha ya awali ya wa kukamatwa. Ni majina mia mbili na kumi na nne. Ile ya elfu sita bado inapigwa chapa."

Bi Sikudhani akaisoma. Aliwakuta wanaume aliowashusha mtaroni na mabeleshi. Aliwakuta wauza mahindi. Alimkuta yule mwalimu wa hesabu. Alisoma mpaka mwisho, kwa kuwa ndiyo kawaida yake, kisha akaichana mara mbili, mara nne, mara nane, akaitupa kwenye kapu la taka.

"Habari ya orodha imekwisha," akasema. "Watu waende nyumbani."

"Ndiyo, Mstahiki." Karani hakuondoka. "Ila nilitaka kukujulisha tu. Kuna nakala tatu."

Bi Sikudhani aliinuka, akaenda dirishani, akachungulia chini, akarudi. Alifikiria kituo kile chenye watu kumi na wanne wanaojua kutaja majina. Alifikiria karatasi tatu mahali fulani, zimekaa, zinasubiri mtu wa kutia saini asiyekuwa yeye, na jina la kuongezea juu kabisa, lake yeye.

"Nani anazo?"

"Moja anayo mkuu wa kituo. Moja anayo mama wa masijala." Karani akashusha pumzi. "Ya tatu ninayo mimi."

"Niandikie majina yao," akasema Bi Sikudhani.

"Ya nani, Mstahiki?"

"Wenye nakala."

Karani Eliapenda alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hakuwahi kukosea orodha. Akavuta karatasi mpya, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari, akaandika la kwanza, akaandika la pili. Kwenye la tatu akasimamisha kalamu, akainua macho kwa adabu.

"Langu, Mstahiki," akauliza, "nianze na la ukoo?"